Wino Ambao Jirani Angeuona

Mke wangu na wanangu wawili walirudi Nakuru mwaka 2015, baada ya zile wiki ambazo wageni walipigwa na maduka yao kuvunjwa mjini Johannesburg. Sisi hakuna aliyetugusa. Lakini mtoto wetu mdogo alianza kukataa kwenda shule, na jioni moja mke wangu aliniambia, huku akikunja nguo, kwamba hakuja Afrika Kusini kujifunza kulala na viatu miguuni. Mkataba wangu katika kampuni ya bima ulikuwa bado unaendelea, na nyumbani hakukuwa na kazi iliyoningoja. Tukakubaliana kwamba wao watangulie. Neno hilo, kutangulia, tuliendelea kulitumia kwa muda mrefu, hata baada ya sote kujua kwamba halisemi kweli tena.

Nikahama nyumba tuliyokuwa tukikaa, nikapanga chumba na jiko mtaa wa Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, kwenye jengo la zamani lenye veranda ndefu ambayo wapangaji wote waliitumia. Siku za mbio, sauti ya mtangazaji ilikuja na upepo hadi jikoni kwangu. Aliwataja farasi kwa kasi iliyozidi kupanda, halafu ghafla kukawa kimya, na mimi nimesimama na mwiko mkononi bila kujua nani kashinda. Mwanzoni nilipiga simu nyumbani kila jioni. Baadaye ikawa Jumapili. Wanangu walikuwa na masomo, walikuwa na marafiki, walikuwa na mambo ambayo kuyaeleza kungechukua muda mrefu kuliko waliokuwa nao. "Uko sawa, Dad?" "Niko sawa." "Haya, ongea na Mum." Na mama yao alikuwa na habari za karo na za mabomba ya maji.

Ofisini nilikaa karibu na mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa Durban, ambaye hatukuwahi kuzungumza naye mengi zaidi ya habari za asubuhi na hali ya hewa. Siku aliyostaafu alifungua droo yake, akatoa kalamu ya wino nyeusi yenye nibu pana na kichupa cha wino wa buluu kilichobaki nusu, akaviweka mezani kwangu.

"Chukua," alisema. "Mimi sasa naandika kwa simu tu, na wewe una mwandiko."

Nilimshukuru. Nikaenda navyo nyumbani, nikaandika jina langu, nikaandika jina la mke wangu, kisha nikakaa nikitazama wino ukikauka. Sikuwa na kitu kingine cha kuandika. Kalamu ikaingia kwenye kabati la vyombo, na huko ikakaa.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mama Mkongomani aliyesuka nywele katika saluni mjini. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni, yeye na binti yake wa shule ya sekondari, na tulipopishana kwenye ngazi aliniita "Papa voisin", yaani baba jirani, akapita. Sikujua kwamba kulikuwa na mtu wa tatu mle ndani mpaka Jumamosi moja ya Juni, jua likiwa limefika verandani na baridi bado imekaa kwenye kuta. Nilitoka kuanika mashati. Kwenye kiti cha plastiki alikaa bibi kizee amejifunga kitenge, na juu ya kitenge blanketi. Mkononi alishika kitabu kidogo. Alikisogeza hadi puani, akakipeleka mbali kadiri mkono ulivyofika, akakirudisha tena puani. Alikuwa akinung'unika, na manung'uniko yale yalikuwa ya Kiswahili.

Sikuwa nimekisikia Kiswahili pale jengoni. Nilisimama na shati linalochuruzika maji.

"Habari ya asubuhi, nyanya," nikasema.

Aligeuza kichwa akitafuta sauti ilikotoka. "Nani anaita nyanya? Kwetu nyanya ni ya kutia mu chakula."

"Nisamehe, mama. Kwetu Kenya nyanya ni mama wa mama."

"Kwetu huyo ni nkambo." Akafikiri kidogo. "Unajua kusoma Kiswahili?"

"Najua."

"Basi kuya usome. Weka hizo nguo, zitakauka."

Ndivyo tulivyojuana. Alikuwa ametoka Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, ambako mumewe alifanya kazi ya reli mpaka alipofariki. Binti yake alikuwa amemleta Johannesburg ili asibaki peke yake, na hapo, kwa sababu binti ilibidi afanye kazi na mjukuu ilibidi asome, alibaki peke yake kutwa nzima. Mjukuu alielewa Kiswahili lakini alijibu kwa Kiingereza, na Nkambo hakujua Kiingereza. Kitabu alichoshika kilikuwa kitabu cha nyimbo cha kanisa lao, chenye herufi ndogo kama mbegu za ufuta na karatasi iliyogeuka rangi ya chai.

Nilimsomea wimbo wa kwanza. Alisikiliza ubeti mmoja, akainua mkono.

"Unasoma sawa polisi," alisema.

Nikapunguza ukali wa sauti. Nilisoma mpaka mashati yakakauka.

Jumamosi iliyofuata alinieleza shida yake yenyewe. Nyimbo za kitabuni hazikumsumbua sana, kwa sababu hata zikimpotea, kitabu kipo na mtu wa kusoma anaweza kupatikana. Zilizomsumbua ni nyimbo za kwaya ya akina mama wa Likasi. Alikuwa mwanakwaya tangu alipoolewa. Nyimbo zile zilitungwa na mwenzao mmoja, muuza samaki wa kukausha, ambaye hakujua kuandika. Walijifunza kwa kuimba. Mtungaji alikuwa amekwisha kufa, na wengi wa wale walioimba naye pia.

"Niko naimba hapa peke yangu," alisema, "na wimbo unanikatikia njiani. Beti ya pili inaenda wapi? Sijui. Nauliza nani? Huyu mutoto anatia vitu mu masikio. Uniandikie, lakini maandishi makubwa, kwa sababu macho yangu hayako muzuri."

Nikaleta kalamu yangu ya bic ya ofisini na karatasi. Aliimba, nikaandika kwa herufi kubwa kadiri nilivyoweza. Nilipompa, alipapasa karatasi kama anatafuta maandishi kwa vidole.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Nkambo."

"Mimi naona karatasi."

Nilijaribu kalamu nene ya kuandikia maboksi. Herufi aliziona, lakini wino ulipenya hadi ukurasa wa nyuma, na harufu yake ilimpa maumivu ya kichwa mpaka ikabidi alale. Ndipo nilipokumbuka ile kalamu ya mzee wa Durban. Nibu yake ilitoa mstari mnene, laini, usio na harufu. Nikaandika ubeti mzima kwa ule wino wa buluu na kumpelekea nikiwa nimejaa matumaini.

"Hii ni maji," alisema. "Ulimwanga maji?"

Macho yake yalikuwa yamefikia mahali ambapo buluu haikuwa rangi tena. Nyekundu aliijua kwa shida. Nyeusi bado aliiona, alisema, ikiwa nyeusi kweli.

Nilidhani wino mweusi ni wino mweusi. Nilishuka mjini siku moja baada ya kazi, nikazunguka maduka ya jumla yanayouza madaftari na vifaa vya shule, nikipita katikati ya wachuuzi wa soksi na chaja. Bic walikuwa nazo kwa makatoni. Wino wa chupa, wengi walinitazama kana kwamba nimeulizia mafuta ya taa ya karabai. Katika duka moja kijana alipanda ngazi, akashusha chupa yenye vumbi. "Hii ni nyeusi, baba. Nyeusi kuliko hii hakuna." Ilikuwa ya wachoraji, lakini mimi sikulitilia hilo maanani.

Kijana hakudanganya. Nilipoandika wimbo wa kwanza kwa wino ule, Nkambo aliishika karatasi, akaisogeza puani, akaipeleka mbali kidogo, na midomo yake ikaanza kutembea. Akasoma mstari. Halafu akausoma tena kwa kuuimba, na alipofika pale ambapo wimbo ulikuwa ukimkatikia hakusimama. Alivuka. Aliendelea mpaka mwisho wa ukurasa kisha akaiweka karatasi magotini.

"Njo hivyo," alisema polepole. "Njo hivyo kabisa."

Nilirudi chumbani kwangu nikiwa na furaha ambayo sikuwa na wa kumweleza. Nilimpigia simu mke wangu. Nikamwambia juu ya wino. Alisikiliza, kisha akauliza kama nilikuwa nakula vizuri.

Baada ya muda mfupi kalamu ilianza kukwaruza. Siku moja ikaacha kabisa kutoa wino. Wino wa wachoraji, kama nilivyokuja kuelewa kwa kuharibu, huchanganywa na kitu kama gundi ili ushike kwenye karatasi usifutike. Ukikaukia ndani ya kalamu unashika huko huko. Jumamosi nzima niliifungua na kuiloweka kwenye maji ya vuguvugu, nikiyabadilisha kila yalipogeuka meusi, nikasukuma maji ndani yake kwa bomba la sindano nililonunua duka la dawa. Nkambo alikaa kando yangu pale verandani akisikiliza maji yakimwagwa.

"Imekufa?"

"Bado sijajua."

"Kama imekufa tuiache. Usijiumize."

Alisema kwa upole, lakini nilimwona akikunja na kukunjua pindo la kitenge. Jioni kalamu ikatema kipande cha kitu cheusi kama ganda la kidonda, na maji yakapita. Sijui kama niliwahi kufurahia kitu kidogo kiasi kile.

Sasa nilikuwa na akili kidogo. Nikapanda teksi kwenda maduka ya kaskazini, yale ya vioo na ngazi zinazopanda zenyewe, ambako waliuza kalamu za watu wenye fedha. Mama aliyehudumia alikuwa mkarimu, lakini yeye mwenyewe alisema anaziuza tu, haziandikii. Alinipa kichupa kizuri kama cha manukato. Mbichi, wino wake ulikuwa mweusi. Ulipokauka, mimi niliuona bado ni mweusi.

"Hii ni ya majivu," Nkambo alisema. "Iko sawa moshi. Wanakudanganya."

Nilitaka kubishana naye. Nikaichukua karatasi ndani, nikaiweka kando ya ile ya wino wa wachoraji, chini ya taa. Alikuwa sahihi. Huu wa pili ulikuwa kijivu kizito kilichovaa nguo nyeusi. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo bila kujua kwamba kuna tofauti, na mtu asiyeona vizuri ndiye aliyenionyesha, kwa sababu yeye alikuwa na haja nao.

Duka la tatu lilikuwa la vifaa vya sanaa, karibu na chuo kule Doornfontein, ambako wanafunzi walinunua rangi na makaratasi. Walikuwa na safu ya vichupa vya wino mweusi uliotengenezewa kalamu za nibu, na waliruhusu mtu ajaribu. Nilimwomba msichana wa kaunta anipe vipande vya karatasi nene niende navyo nyumbani, nikamweleza sababu. Alikubali. Niliandika neno moja tu kwa kila wino, kwa kijiti cha nibu walichonipa: BWANA. Nyuma ya kila kipande nikaweka alama yangu.

Nilingoja mpaka Jumamosi asubuhi, jua lilipokuwa upande wetu. Binti yake hakwenda kazini siku hiyo, akatoka na kikombe chake cha chai kutazama. Nilimpa Nkambo vipande kimoja kimoja. Alivitenga magotini kama mama anayechagua mchele, huku vingine, huku vingine. Kimoja alisema kina ukahawia. Kimoja alisema kina ukijani, na binti yake akacheka, "Mama, kijani unaitoa wapi?" Nkambo alibaki na viwili. Akavishika, mkono huu na mkono huu, akavigeuzia jua.

"Hii," alisema.

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo nyingine inang'aa. Jua linanirudi mu macho. Hii hapa inakula jua."

Kwangu mimi vile viwili vilikuwa sawasawa. Lakini nilirudi nikanunua alichochagua. Msichana wa kaunta alinisomea kijikaratasi kilichokuja na chupa: ndani yake mna masizi yaliyosagwa laini mno, yanayopita kwenye nibu bila kuiziba, mradi kalamu itumike mara kwa mara na ioshwe. Ukiiacha ikae na wino bila kuandika, itakauka.

Kwa hiyo nililazimika kuandika kila siku. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba ni kwa ajili ya kalamu. Nikitoka kazini nilipitia duka dogo la spaza kununua mkate na maziwa, nikapanda ngazi, na kabla sijafungua mlango wangu nilimkuta Nkambo ameshageuza kiti kuelekea ngazi. Aliimba mstari, nikaandika mstari. Mara nyingine alisimama njiani akakuna paji la uso, na sote tukangoja. Mara nyingine wimbo haukurudi, tukauacha, na kesho yake ananipokea nao mdomoni kabla sijaweka mkate chini. "Imekuya asubuhi, nikiosha kikombe." Tuligombana pia. Yeye alisema "mubaya", nami nikaandika "mbaya", na aliposoma akaniambia nimeukata mguu wimbo, maana hapo kuna silabi ya kukanyaga. Nikaandika kama alivyoimba.

Wakati mwingine hatukuandika sana. Aliuliza kuhusu wanangu, nikamwambia wanavyosema kwenye simu.

"Nyumba haikai na mutu moja," alisema siku moja.

"Mkataba, Nkambo."

"Nimesikia. Mume wangu naye alikuwa na reli."

Sikumuuliza reli ilifanya nini.

Ilikuwa mwaka 2017, mvua za Novemba zimeanza, aliponilaumu kwa mara ya kwanza. Nilimpa ukurasa mpya. Aliuvuta karibu, akauvuta karibu zaidi, akauweka chini.

"Umebadilisha wino," alisema.

"Sijabadilisha, Nkambo. Ni ule ule."

"Umetia maji. Unataka iende mbele siku nyingi."

Nilichukua chupa, nikaitikisa, nikajaza kalamu upya mbele yake na kuandika neno moja kubwa kama kiganja. Alilitazama. Kisha akaomba nimpe ukurasa wa zamani, wimbo wa kwanza kabisa tulioandika kwa wino huo. Nikampa. Aliutazama huo nao, kwa muda mrefu, kutoka juu hadi chini, na akanirudishia. Mvua ilikuwa inapiga bati la banda la magari. Nilikaa pale nikiwa nimeshika kalamu wazi mpaka nibu ikakauka.

Jioni hiyo nilimngoja binti yake kwenye ngazi.

"Macho ya mama yanazima," nilimwambia.

"Najua, Papa." Alikuwa amechoka, ameshika viatu mkononi. "Haniambii mimi. Anasema ni wino yako haiko muzuri."

Binti alichukua siku bila malipo, akampeleka kliniki, na kliniki ikawapeleka hospitali. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kwa ugonjwa ambao hautibiki. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na huyo anaweza kutolewa, lakini foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu. Zamu yao ingekuwa lini? Wangepigiwa simu.

Tukangoja mwaka mzima karibu. Niliandika herufi kubwa zaidi, mistari minne kwa ukurasa, kisha miwili. Mwishowe nilikuwa naandika neno moja moja, na hata hilo hakulipata. Siku moja aliniambia niache kumpa karatasi.

"Basi tuache kuandika?" niliuliza.

"Nani amesema tuache? Andika ndogo, kwa macho yako. Mimi nitaimba."

Kwa hiyo aliimba, na mimi niliandika nyimbo ambazo aliyezitaka hangezisoma. Ilikuwa kazi ya ajabu. Alikuwa akigeuza uso upande wa mkwaruzo wa nibu, na nikisimama kufikiri tahajia, naye alisimama. Nikimaliza ukurasa nilimsomea, naye alisahihisha. Kisha aliingia ndani, akipapasa ukuta, na mimi nikaingia kwangu. Kutoka mlango hadi mlango ilikuwa hatua chache tu, lakini nilipofunga wa kwangu nilihisi kama nimetoka safari. Sikuwasha redio. Nilikula nimesimama.

Simu ya hospitali ilikuja mwisho wa mwaka 2018. Sikwenda nao, nilikuwa kazini, na kutwa ile sikufanya kazi yoyote ya maana. Waliporudi alikuwa na kifuniko jichoni, na binti akasema kesho yake ndipo kitatolewa. Kesho yake ilikuwa siku ya kazi pia. Nilipopanda ngazi jioni alikuwa amekaa pale pale, bila kifuniko, na jicho lake la kulia, jekundu kidogo, lilinishika tangu nilipotokeza kichwa.

"Wewe ni muzee hivi?" alisema.

"Ni mimi, Nkambo."

"Sauti yako ni ya kijana. Mvi yote hii ni ya nini?"

Nilicheka. Aliniambia nilete karatasi zote. Nilileta fungu zima, zile za herufi kubwa na zile ndogo, naye akazifunua moja baada ya nyingine kwa miwani mipya. Nilingoja aseme juu ya wino. Tulikuwa tumeutafuta pamoja, mimi na yeye, kwa muda mrefu.

"Iko nyeusi sana," alisema hatimaye. "Inachoma macho. Na mistari yako yote inapanda mulima."

Ilikuwa kweli. Kila mstari ulianza vizuri kushoto na kuishia juu kulia. Sikuwahi kuona.

Alipoona, akataka kwenda nyumbani. Hakulizunguka jambo hilo. Alimwambia binti yake kwamba alikuja kwa sababu hakuweza kujitazama, na sasa anaweza. Binti alilia, akagomba, akanituma mimi nimshawishi. Nilikwenda, nikakaa kwenye kiti changu, na nikashindwa kusema neno hata moja la kumzuia, kwa sababu kila neno nililolipata lilikuwa la haja yangu mwenyewe.

"Watu wa kwaya wamebaki wangapi?" nikauliza badala yake.

"Wachache. Lakini wana mabinti."

Nilipeleka karatasi kwa mtu mjini akazifunga pamoja kwa uzi na jalada gumu. Tulimsindikiza stendi ya mabasi asubuhi moja ya Machi, 2019, binti, mjukuu na mimi. Alivaa kitenge kipya na viatu vya raba vya mjukuu kwa ajili ya safari. Kitabu hakukubali kiingie kwenye begi, alikibana kwapani. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanitazama kwa lile jicho.

"Kula," alisema. "Na urudi kwa watu yako."

Basi lilipoondoka mjukuu aliegemea bega langu, kwa muda mfupi tu, kisha akatoa simu yake. Binti alikwenda saluni moja kwa moja. Mimi nilitembea hadi ofisini kwa miguu, nikapitiliza roboti mbili, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu bila kuziona, na dereva mmoja wa teksi akanitukana kwa Kizulu.

Miezi michache baadaye binti na mjukuu walihamia karibu na kazi. Chumba chao kikachukuliwa na bwana mmoja kutoka Limpopo, mlinzi wa usiku, aliyelala mchana. "Sharp, baba," alinisalimu tulipopishana, nami nikajibu "Sharp", na ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya wiki. Kiti cha plastiki kilibaki verandani. Niliendelea kukaa pale jioni, kwenye kile changu. Jumapili moja nilikwenda kanisa la Wakongomani kule Doornfontein, ghorofani katika jengo lililokuwa kiwanda cha nguo, nikidhani huenda nikasikia moja ya zile nyimbo. Waliimba kwa Kilingala na Kifaransa, na kinanda cha umeme kilikuwa na nguvu. Walinikaribisha vizuri. Nikatoka kabla ya mahubiri kwisha.

Simu ya Nkambo ilikuja Agosti, namba ya Kongo, saa ambayo mashine za ofisi zilikuwa zimezimwa na mimi nakunja koti. Nyuma yake kulikuwa na kelele za wanawake.

"Wanagombana," alisema bila salamu. "Huyu mumoja anasema beti ya tatu si hivyo. Nimemwambia imeandikwa. Anasema, nani ameandika? Nimesema, mutu wa Kenya. Anasema, mutu wa Kenya anajua nini?"

"Ana haki, Nkambo. Mimi niliandika ulichoimba."

"Nyamaza. Sikiliza."

Akaiweka simu mahali fulani. Nilisikia kikohozi, nikasikia mtu akitafuta sauti, kisha wakaanza, labda wanane, labda kumi, sauti za wazee na sauti mbili tatu za vijana zikipanda juu yao. Ulikuwa wimbo ambao nilikuwa nimeuandika mara tatu kwa sababu ulimkatikia mara tatu. Nilifuata kwa midomo, nimesimama kati ya meza tupu. Walipofika katikati ya ubeti wa pili laini ikakatika.

Nilipiga, haikuingia. Nilingoja, nikidhani atapiga yeye. Mlinzi wa ofisi akaja kuniuliza kama nafunga, nikamwambia nafunga. Nikashuka, nikapanga foleni ya teksi za Turffontein pamoja na wengine, na ilipofika zamu yangu nikaketi dirishani.

Mwisho wa mwaka ule mkataba ulikwisha. Waliniuliza kama nataka kuuongeza, nami nikasema sitaki.